Sweta Kwenye Kiti

Wanauita uhalisia pepe.
Mama, aliyepepeta mpunga Mwea miaka thelathini,
aliniuliza kwenye simu: pepe, ile punje isiyo na kiini?
Nikamwambia ndiyo, Mama, karibu hivyo.
Akasema, basi pepeta vizuri.

Naishi Zimmerman, ghorofa ya tano, chumba kimoja,
meza moja ambayo Jumapili ni ya kupigia pasi.
Hapo ndipo ninapojenga ofisi za watu wengine.
Navaa kofia, nasogeza kuta kwa kidole,
nainua dari mpaka pumzi ipate njia,
naweka taa upande wa kushoto
ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi,
ingawa mkono wenyewe haupo, wala kivuli.

Mteja wangu ni Bwana Ombima, mkadiriaji wa madai ya bima,
peke yake nyumbani Donholm
tangu ofisi yao ya Viwandani igeuzwe ghala la vigae.

Kwanza nilimpa Mlima Kenya dirishani, theluji na yote.
Alikaa dakika kumi na moja.
"Nikiutazama mlima," akasema, "nakumbuka magoti yangu."
Nikampa msitu wa Karura, ndege mia mbili.
Akalalamika kwamba wanamkatiza hesabu,
na kwamba yuko mmoja
anayerudia kosa lilelile kila sekunde tisa.
Nikampa ukumbi mweupe, kimya kitupu.
Humo alidumu siku mbili.
Ya tatu akanipigia usiku:
"Binti, humu ndani nayasikia masikio yangu."

Kwani unataka nini, nikamuuliza.
Hakujibu upesi. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Meza ya pili," akasema.
Nikamwambia naweza hata kukuwekea mtu,
anayepumua, anayepiga chapa, anayeitikia kwa kichwa.
"Usiniwekee mtu. Mtu wa kuchorwa atanikodolea macho.
Niwekee kiti, na sweta mgongoni mwa kiti."

Unaijua sweta hiyo. Kila ofisi Nairobi ina yake.
Mwenyewe ametoka, hajatoka,
yuko chai, yuko benki, yuko Kitengela anatazama ploti,
na sweta inaripoti kazini kwa niaba yake.
Bosi akipita anaambiwa: si unaiona sweta?

Hii ilikuwa ya Syokau,
rangi ya maharagwe yaliyopashwa moto mara mbili,
kifungo cha tatu si ndugu wa wenzake.
Miaka tisa walikaa mgongo kwa mgongo.
Siku barua za kupunguza watu zilipogawanywa
Syokau alibeba kikombe, kalenda, viatu vya akiba.
Sweta aliisahau.
Au aliiacha. Ombima hajui,
na ni hilo "au" aliloniomba nilijenge.

Kuta nilizimaliza asubuhi moja.
Sweta ilinila wiki.
Pembetatu elfu arobaini za sufu,
mkono wa kushoto ushuke kidogo kuliko wa kulia,
na utikisike, lakini si kila sekunde tisa,
utikisike mara mojamoja, bila ratiba,
kama mtu amepita sasa hivi nyuma yako.

Jumatatu aliingia saa mbili, akatoka saa kumi na moja.
Ujumbe wake ulikuwa mfupi:
Kifungo ni cha pili, si cha tatu.
Kisha, baada ya saa nzima:
Lakini acha.

Usiku huo tokeni za stima ziliisha,
ofisi zote kumi na nne zikazimika kwa pamoja,
kofia ikawa kofia.
Jirani alikuwa akikaanga vitunguu gizani.
Nina kiti kimoja tu.
Niliinuka, nikakivisha sweta yangu,
nikashuka dukani kutafuta mshumaa.
Atakayeniulizia, mwambieni niko karibu.